Pikapu Tuliyoipeleka Jandoni

Vijana wa gereji, nimestaafu mwezi uliopita tu na tayari mmenipigia simu mara sita kuniuliza jeki kubwa iko wapi. Iko nyuma ya pipa la oili chafu, palepale ilipokaa miaka yote. Sasa tulieni, maana nimekaa kuandika yale ambayo nikiwasimulia kwenye simu huwa mnanikata katikati eti salio limeisha. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuwa vidogo, na mke wangu anasoma kila ninachoandika.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye gereji ya chama cha wafuga nyuki pale Ng'ambo, Tabora. Siku ya kwanza nilidhani nitashika injini. Wapi! Nilipewa utambara nikaambiwa nifute spana, moja moja, nizipange kwa ukubwa. Nilipomaliza, fundi mkuu akaja akazichanganya zote kwa mguu, akasema, "Rudia, safari hii ukiwa umefumba macho." Fundi mkuu huyo alikuwa Mzee Rajabu, mwembamba, mkali, mwenye kanzu safi kila Ijumaa na ovaroli chafu siku nyingine zote. Nilimchukia kama wiki tatu hivi. Kisha nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa unaijua spana namba kumi na nne bila kuuliza jicho, nikaacha kumchukia.

Mzee Rajabu alikuwa anasikiliza injini kwa bisibisi ndefu. Ncha moja kwenye chuma, mpini sikioni, macho kayafumba, mdomo unachezacheza. Nami nikaiga. Mwaka wa kwanza nilisikia kelele tupu. Mwaka wa pili nikaanza kusikia valvu. Mwaka wa tatu nikasikia mpaka vitu visivyokuwepo, na nikawafungulia watu injini zao bila sababu yoyote, Mungu anisamehe.

Sasa kuna jambo moja la gereji yetu ambalo ninyi mmelikuta limeshakufa, na ninataka mjue lilikufaje. Gari lolote jipya likiingia kwetu, kabla halijabebeshwa hata debe moja la asali, lilipelekwa jandoni. Ndivyo tulivyoita. Mzee Rajabu alifungua boneti, akalegeza nati mbili pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini, akatoa kifaa kidogo cha shaba, kipana kama kizibo cha chupa ya chai, halafu akafunga bila kurudisha kitu. Gereji nzima tulipiga vigelegele. Kifaa kilitupwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na gari likahesabiwa kuwa limekuwa mtu mzima.

Kifaa chenyewe ni themostati. Ni kimlango kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi kimefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto haraka. Ikishapata moto kinafunguka. Mzee Rajabu alikuwa na hotuba yake kuhusu kimlango hicho, na aliitoa kila jando kana kwamba hatujawahi kuisikia. "Hiki kimetengenezewa nchi za theluji. Tabora kuna theluji? Mababu zetu walitoka hapa na mizigo kichwani, wakapita Tura, wakaenda mpaka pwani kwa miguu. Nani alikuwa na themostati?"

Msimcheke. Alikuwa na sababu. Magari ya siku zile yalikuwa na maji machafu na rejeta zenye kutu, kile kimlango kilikuwa kikinasa, hakifunguki, na injini inachemka katikati ya pori, na maji ya kunywa huna, sembuse ya rejeta. Tena yalikuwa magari ya kabareta, mavumilivu. Uliyatoa themostati yakaendelea na maisha yao. Alipofariki Mzee Rajabu mimi nikarithi bisibisi, kopo na hotuba. Nikaitoa hotuba ile neno kwa neno, mpaka kikohozi chake nikakiweka palepale alipokuwa akikohoa.

Ndipo wakaja Kulwa na Doto. Chama kilinunua pikapu mbili za petroli, zimeshatumika lakini nzima, aina moja, rangi moja, zimefika siku moja. Mapacha watupu, kwa hiyo majina hayakutusumbua. Aliyetangulia kuingia getini akawa Kulwa, wa nyuma akawa Doto. Doto alipangiwa tawi la Nzega na akaondoka mchana uleule, akaponea chupuchupu. Kulwa alibaki kwetu, na kesho yake nikampeleka jandoni mwenyewe, kwa vigelegele na hotuba. Pikapu hizi hazikuwa za kabareta. Zilikuwa na kompyuta ndogo inayoamua petroli kiasi gani iingie. Nililiona lile boksi, nikaliona lina waya nyingi, nikalifunika.

Dereva wa Kulwa alikuwa Maganga. Wengine mnamfahamu. Mtu wa taratibu, anaimba besi kwenye kwaya ya Wamoraviani, anafunga breki kwa ajili ya kuku wa mtu. Leo anapeleka madebe Bukene, kesho anafuata asali Tura. Miaka mitatu alimwendesha Kulwa na hakuna aliyeuliza chochote kuhusu petroli, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapima.

Kisha akaja meneja mpya, Bi Kabula. Mama huyu alipima. Wiki ya kwanza tu aliitisha daftari la safari la Kulwa na lile la Doto, akayaweka meza moja, akaniita. "Mzee Shija, hebu niambie. Lita moja inampeleka Doto kilomita kumi na moja. Lita hiyohiyo inampeleka Kulwa nane. Gari mapacha, barabara za vumbi zilezile, mzigo uleule. Tofauti ni nini?"

Nikamwambia nitaangalia. Akasema, "Angalia. Mimi tofauti ninayoiona ni dereva."

Lilivuka ukuta neno lile, sijui kwa mlango gani. Kabla ya jua kutua kijiwe cha bodaboda kilishajua kwamba Maganga anafyonza petroli ya chama na kuiuza njiani. Wakamwita Pampu. Akipita wanamuuliza, "Pampu, leo umefungua?" Yeye anawasalimia na kupita. Lakini niliona ameanza kupitia barabara ya nyuma, ile yenye mashimo, na mtu anayependa gari namna ile hapiti barabara ya mashimo kwa hiari yake.

Basi nikaanza kazi, na hapa vijana chukueni kalamu. Gari likinywa sana, usikimbilie injini. Anza na vitu vya kijinga. Nilianza na upepo wa matairi, kwa sababu Maganga alikuwa anapunguza upepo ili avuke mchanga, halafu anasahau kuujaza. Nikajaza. Nikafungua eya klina, lile chujio la hewa, nikakuta nini? Nyuki. Nyuki waliokufa, wamejaa kiganja, na vumbi juu yao kama unga. Gari la asali lile, walikuwa wanaifuata asali yao wakavutwa ndani. Nikainua gari kwa jeki, nikazungusha gurudumu moja moja kwa mkono. Matatu yakazunguka vizuri, la nyuma kushoto likagoma, breki imeng'ang'ania. Nikairekebisha. Nikatandika boksi la katoni chini ya tangi usiku kucha, asubuhi kavu, hakuna tone. Nikasafisha nozeli zinazonyunyiza petroli. Nikatoa plagi, nazo zilikuwa nyeusi tii, masizi matupu. Plagi nyeusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua. Nikaweka mpya.

Kulwa akapanda mpaka kilomita tisa. Tisa, siyo kumi na moja. Na plagi mpya, baada ya safari moja, nyeusi tena.

Ebo! Nilikasirika kama nimetukanwa. Nikamwambia Bi Kabula kwamba nitasafiri na gari mwenyewe. Tukajaza tangi mpaka mdomoni, nikafunga kifuniko kwa waya na kuukaza kwa koleo, tukaondoka asubuhi kwenda Bukene, mimi na Maganga. Siku nzima sikumtoa machoni. Akienda kujisaidia, natazama tangi. Yeye aliona, akacheka. "Fundi, nenda ukalale kwenye tangi kabisa." Lakini cheko lenyewe lilikuwa fupi.

Bukene tukamkuta Doto, kaleta mzigo kutoka Nzega kuuacha stesheni. Nikawaambia madereva wapaki sambamba, boneti zote mbili juu. Watu wakakusanyika wakidhani kuna ajali. Nikatazama huku, nikatazama kule. Waya zilezile, mikanda ileile. Nikaweka mkono kwenye mpira wa juu wa rejeta ya Doto, nikauondoa mbio, umeniunguza. Nikaweka mkono kwenye mpira wa Kulwa, nikauacha hapo. Ulikuwa vuguvugu. Gari limetembea kutoka Tabora juani, limepakia, na mpira ni vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Sikuondoa mkono haraka. Nilielewa pale pale. Ile kompyuta ilikuwa inapima joto la maji. Maji hayapati moto kwa sababu kimlango hakipo, basi kompyuta inaamini Kulwa kaamka sasa hivi na anasikia baridi, inamwongezea petroli ya kumwamsha. Kilomita ya kwanza inamwamsha, kilomita ya themanini inamwamsha. Miaka mitatu Kulwa alikuwa anaamshwa.

"Umeona kitu, fundi?" Maganga akauliza.

Nikasema, "Bado."

Ndiyo, nilisema bado. Nimekaa kuwaandikia ukweli, basi uchukueni wote. Nilikuwa fundi mkuu, nina jina kuanzia Ng'ambo hadi Nzega, nina hotuba. Nikajiambia nitarudisha kifaa kimya kimya, gari litapona, maneno yatakufa yenyewe, na hakuna atakayeumia. Ulikuwa mpango mzuri sana.

Jumamosi mchana, Maganga akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikamwaga kopo juu ya meza. Nikaitambua themostati ya Kulwa kwa namba. Nikaichemsha kwenye sufuria ya chai ya gereji, kwa sababu kifaa cha namna hii usikirudishe bila kukijaribu. Maji yalipokaribia kuchemka kimlango kikafunguka taratibu, kizima, kama hakijawahi kulala. Nikakifunga mahali pake na gasketi mpya. Chai ya siku ile ilikuwa na ladha ya shaba na hakuna aliyelalamika.

Wiki iliyofuata Kulwa alitembea kilomita kumi na moja kwa lita. Nikaenda ofisini kifua mbele. "Meneja, gari limepona. Nozeli zilikuwa chafu."

Bi Kabula akafungua daftari langu la matengenezo. "Nozeli ulisafisha wiki mbili zilizopita, umeandika hapa. Hazikubadilisha kitu." Akalifunga. "Mzee Shija, mimi najua kilichobadilika. Tangu nilipomwambia Maganga kwamba ninamfuatilia, gari limepona. Gari halisikii maneno. Anayesikia ni dereva."

Akaendelea kwa sauti ya upole, maana si mtu mbaya. "Najua ni rafiki yako. Lakini umenisaidia. Nilikuwa na wasiwasi wa kumwonea, sasa sina. Barua yake ipo tayari, kamati inakutana Ijumaa."

Jamani! Nilitoka pale nikakaa juu ya tairi bovu nyuma ya gereji. Nilikuwa nimetengeneza gari vizuri, na kwa kulitengeneza nikamfukuzisha kazi mtu asiye na kosa. Maganga akapita, akaniamkia kama kawaida. "Shikamoo, fundi." Kuitikia "marahaba" siku ile kulinishinda, nikakohoa. Kikohozi changu mwenyewe safari hii.

Siku mbili nilizunguka nalo. Ijumaa nikaingia kwenye kikao bila kuitwa. Wanakamati ni wafuga nyuki, watu wazima wa vijijini, wamevaa makoti ya kikao. Maganga alikuwa amekalishwa kiti cha peke yake, mikono magotini. Nikamwaga themostati zote mezani, zikabingirika mpaka kwenye chupa za maji. Nikasema, "Maganga hajaiba hata tone. Petroli nimeimwaga mimi, miaka mitatu, kwa kifaa kama hiki." Nikaeleza yote, jando, Bukene, sufuria. Nilipofika kwenye nozeli nilisema kwamba nilidanganya.

Mzee mmoja wa Igunga akaokota moja, akaigeuzageuza. "Kwa nini mliitoa?"

"Tulifundishwa hivyo."

"Na aliyekufundisha?"

"Alifundishwa."

"Na vigelegele?"

"Na vigelegele vilevile, mzee."

Bi Kabula hakucheka. Akasema maneno matupu hayatoshi, huenda ninamkingia rafiki. "Itoe tena. Nitakwenda Tura mwenyewe." Nikaitoa mbele yake. Akafunga tangi kwa kufuli lake, akaweka ufunguo kwenye mkoba, akapanda mbele pembeni ya Maganga, akaenda Tura akarudi. Kilomita tisa. Nikairudisha. Kesho yake akaenda Tura tena, njia ileile, mzigo uleule, ufunguo mkobani. Kumi na moja. Alishuka na vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama uani, watu wote wanasikia, akasema, "Maganga, nilikukosea. Naomba radhi." Barua akaichana palepale.

Mimi nikadhani yameisha. Nikampa Maganga mkono. Hakuupokea.

"Fundi, ulijua tangu lini?"

"Tangu Bukene."

Akahesabu kichwani. "Siku kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Kumi na tatu nilizoitwa Pampu, na wewe unasikia." Hakupandisha sauti, besi yake ilishuka tu chini zaidi. "Waliniita hadharani. Nawe utalisema hadharani. Panda gari."

Nikapanda. Alinishusha kwenye kijiwe cha bodaboda, nikasema. Akanishusha kituo cha mafuta, nikasema. Akanishusha uwanja wa kanisa, wanakwaya wakiwa wanatawanyika, nikasema, na mimi ni Mkatoliki. Muuza karanga mmoja akanikata, "Kwa hiyo mwizi ni wewe?" Nikasema sikuiba, niliimwaga. Akaniuliza kuna tofauti gani kwa mwenye petroli. Nikanunua karanga.

Mwisho akanipeleka nyumbani kwake. Mkewe, Mama Neema, alikuwa anaanika mihogo. Akanisalimia, akanipa kigoda, nikakaa nikasema yote mara ya tano, na mara hii nilisema vizuri zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshazoea. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika kipande cha muhogo, hakukiweka chini. Kisha akanyanyuka, akaenda nyumba ya jirani, akarudi amebeba madumu matatu ya njano, matupu, yale ya kuchotea maji. Akayapanga mbele ya mumewe.

Maganga akayatazama. "Si uliniambia yamepasuka?"

"Niliyaficha kwa jirani. Niliogopa watakuja kupekua wayakute."

"Uliogopa watayakuta, au uliogopa watayanusa?"

Mama Neema akatazama mihogo yake. "Niliyanusa mwenyewe kwanza," akasema. "Kabla ya kuyapeleka. Nisamehe, Baba Neema."

Nilitamani ardhi inimeze na kigoda changu. Ningeweza kusema palepale Bukene, boneti zikiwa juu, kwa maneno manne, na mama huyu asingeinamisha pua kwenye dumu la maji kutafuta harufu ya petroli. Maganga akamshika mkewe bega, akamwambia, "Maji hakuna ndani, sivyo?" Mkewe akatikisa kichwa kwamba hakuna. Maganga akachukua madumu mawili, la tatu akanisukumia kwa mguu.

"Beba hilo, fundi. Twende bombani."

Nikalibeba. Foleni ya bombani ilikuwa ndefu, nusu ya mtaa ilikuwa pale, na walipotuona wakageuka wote. Maganga akapanga madumu yake, akanigeukia, akasubiri. Nami nikaanza upya, tangu Kulwa alipoingia getini.